Rangi Inayojificha: Sungura wa Ng'ambo za Mombasa

Mfugaji wa Kisauni akinunua sungura wa Californian kutoka bara, hukabidhiwa mnyama mweupe mwenye pua nyeusi, masikio meusi, nyayo nyeusi na mkia mweusi. Kisha huja kaskazi. Kuanzia Disemba hadi Machi joto la mchana Mombasa hupita nyuzi 30, na usiku nao haupoi vya kutosha. Sungura akipukutisha manyoya na kuotesha mengine, weusi ule hurudi ukiwa umechujuka, ukawa kahawia au rangi ya majivu. Watoto wanaozaliwa msimu huo hufifia zaidi, na wengine ukiwatazama kwa mbali utadhani ni weupe watupu. Hapo mnunuzi hutoa hukumu: nimeuziwa chotara.

Hukumu ya namna hiyo inaweza kutolewa Likoni au Changamwe vilevile, na mara nyingi itakuwa ni dhuluma. Aliyeuza hakudanganya, na sungura hajapungukiwa na kitu katika asili yake. Ila kuijua sababu kulihitaji watu wa nchi kadhaa, kwa zaidi ya nusu karne, wahamishe damu kutoka mshipa hadi mshipa, wanyoe migongo ya wanyama na kuhesabu watoto kizimba baada ya kizimba. Historia hiyo inawahusu wafugaji wa ng'ambo za Mombasa kuliko wanavyodhani, maana wanyama waliomo mabandani mwao ndio matokeo yake.

Sungura wa kufugwa si mwenyeji wetu. Yule mjanja wa ngano za pwani, anayewazidi akili fisi na simba, ni wa jamii nyingine: mkimbiaji wa nyika asiyechimba shimo, ambaye watoto wake huzaliwa macho wazi na manyoya mwilini. Wa bandani asili yake ni Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa, na watoto wake huzaliwa uchi, macho yamefumba. Wa nyikani ana kromosomu 48, wa kufugwa ana 44, na hawazaliani. Nalisema hili mapema kwa kuwa wapo wanaoeleza rangi ya kijivu inayotokea ghafla bandani kwa kudai kwamba jike alipandwa na sungura wa porini. Iwe vichaka vya Shika Adabu au vya Mwakirunge, hilo haliwezekani. Kijivu kile kilikuwamo bandani tangu mwanzo, kimejificha.

Huko kwao, sungura wa mwituni ana rangi moja ya kumfichia uhai wake. Kila unywele una kijivu shinani, mkanda wa njano katikati na weusi nchani, na ukiitazama ngozi nzima unaona rangi ya udongo na majani makavu. Weusi mtupu, kahawia, kijivu cha samawati, mabaka na weupe ni mageuko yaliyotokea hapa na pale, yakahifadhiwa na binadamu. Weupe ni wa siku nyingi. Mnamo mwaka 1530 hivi mchoraji Titian wa Venice alimchora Bikira Maria mkono wake ukiwa juu ya sungura mweupe, na picha hiyo hadi leo imo katika jumba la Louvre mjini Paris. Mwituni sungura wa rangi hiyo huonwa mapema na mwewe. Kizimbani hulishwa, hulindwa na kupandishwa.

Kwa karne nyingi wafugaji wa Ulaya walizitunza rangi hizo bila kujua zinapitaje kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Charles Darwin, katika kitabu chake cha 1868 kuhusu wanyama na mimea ya kufugwa, aliwaandikia sungura kurasa nyingi. Alieleza habari za sungura wa Himalaya, mweupe mwenye ncha nyeusi, ambaye rangi yake leo imo katika kila Californian. Aliona mambo mawili ya ajabu. La kwanza, watoto wa Himalaya huzaliwa weupe, na weusi wa pua, masikio, miguu na mkia huja baadaye. La pili, wafugaji waliochanganya aina za rangi ya fedha walijikuta wamepata Himalaya mabandani mwao, ilhali wazazi hawakufanana naye hata kidogo. Darwin aliandika ukweli wote huo kwa uaminifu, lakini hakuwa na maelezo yake.

Alichokuwa nacho ni dhana. Alifikiri kwamba kila kiungo cha mwili hutoa vijichembe, vijichembe hivyo huzunguka mwilini na hatimaye hukusanyika katika mbegu za uzazi. Binamu yake, Francis Galton, aliona dhana hiyo inaweza kupimwa, na akawachagua sungura wawe mizani. Alichukua aina iitwayo Silver Grey, ambayo huzaa rangi yake tu kizazi hadi kizazi. Akawatia damu ya sungura wa rangi nyingine. Mwanzoni alibadilisha sehemu tu ya damu. Baadaye aliunganisha mishipa ya shingo ya wanyama wawili ili damu ya huyu iingie kwa yule. Kisha akawapandisha wao kwa wao. Ikiwa vijichembe vya rangi vimo damuni, watoto wangetoka wamechanganyika. Hawakuchanganyika. Mwaka 1871 Galton alisoma matokeo yake mbele ya Royal Society ya London, na Darwin akajibu katika jarida la Nature kwamba yeye katika dhana yake hakuwa ametaja damu.

Naona jaribio hilo lastahili kukumbukwa kuliko linavyokumbukwa, kwa sababu imani lililoibomoa ingali hai. Wapo wafugaji wanaoamini kwamba jike mweupe akishapandwa mara moja na dume la mabaka, damu yake imeharibika na hatazaa weupe safi tena, hata akipewa dume jingine. Ulaya waliamini vivyo hivyo kuhusu farasi. Mnamo 1899 Cossar Ewart alichapisha matokeo ya majaribio yake ya Penicuik, karibu na Edinburgh, ambako alipandisha majike wa farasi kwa dume la punda milia, halafu kwa dume la farasi. Watoto wa punda milia walitoka na milia. Waliofuata, wa baba farasi, hawakuathiriwa na yule baba wa kwanza. Kwa hiyo jike wa sungura hapaswi kuuzwa kwa bei ya hasara kwa sababu ya dume aliyempanda mwaka uliopita. Kila mimba ni hesabu mpya ya mama yule na baba wa safari hiyo.

Hesabu yenyewe alikuwa ameshaipata mtawa Gregor Mendel katika bustani ya njegere mjini Brno. Aliisoma hadharani mwaka 1865, akaichapisha 1866, ikapuuzwa hadi ilipogunduliwa upya mwaka 1900. Kila mtoto hupata nakala moja ya jeni kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Nakala moja ikiwa na nguvu na nyingine dhaifu, ya nguvu huonekana na dhaifu hukaa kimya bila kupotea, ikingoja kizazi ambacho itakutana na mwenzake. Swali lililobaki lilikuwa kama sheria ya njegere ni sheria ya wanyama wenye manyoya pia.

Miongoni mwa waliolijibu ni Charles Chamberlain Hurst wa Burbage, kijiji cha Leicestershire nchini Uingereza, ambaye jamaa zake walikuwa na kitalu cha mimea. Alimchukua Belgian Hare, ambaye licha ya jina hilo ni sungura wa kufugwa wa rangi ya mwituni iliyokoza wekundu, akampandisha na Angora mweupe mwenye macho mekundu. Watoto wote walitoka na manyoya mafupi na rangi ya kijivu kama sungura wa porini. Weupe ulikuwa umetoweka, na mfugaji asiye na subira angesema umekwisha. Hurst akawapandisha watoto hao wao kwa wao. Katika kizazi cha wajukuu weupe ukarudi, karibu mmoja kwa kila wanne. Lakini pamoja nao walitoka wengine ambao hakuna babu wala bibi aliyefanana nao: sungura weusi. Kwa kila wajukuu 16, kwa wastani, 9 walikuwa wa kijivu, 3 weusi na 4 weupe.

Weusi walitoka wapi? Kwa yule Angora mweupe. Alikuwa amebeba jeni ya weusi maisha yake yote bila kuionyesha, kwa kuwa sungura mweupe wa macho mekundu hana uwezo wa kutengeneza rangi yoyote. Ndani yake mna mpango kamili wa rangi, uwe weusi, ukahawia au mabaka, ila kiwanda kimefungwa. Ukimpandisha na mwenye rangi, kiwanda hufunguka kwa watoto na mpango uliofichwa hudhihirika. Hurst aliyatoa haya mwaka 1905, na mwaka huohuo William Castle wa Chuo Kikuu cha Harvard alitoa kazi yake kuhusu urithi wa manyoya ya sungura na pimbi wa kizungu, wale wanyama wadogo ambao maabara za dunia zimewatumia sana.

Hapa pana kanuni ambayo kila mfugaji wa New Zealand White, kuanzia Mtongwe hadi Mikindani, anaweza kuitumia leo. Weupe wawili wa macho mekundu hawazai mtoto wa rangi. Kamwe. Akitokea hata mmoja wa kijivu au mweusi kiotani, dume jingine liliingia. Kinyume chake si kweli: wenye rangi wawili wanaweza kuzaa mweupe bila mtu yeyote kukosea, kwa sababu kila mmoja alikuwa amebeba nakala moja ya weupe kimyakimya.

Fumbo la Himalaya lilikuwa bado. Ukimpandisha na sungura wa rangi kamili, yeye hushindwa. Ukimpandisha na mweupe mtupu, yeye hushinda. Mwaka 1913 Alfred Sturtevant, kijana wa maabara ya Thomas Hunt Morgan mjini New York, aliandika makala kuhusu kisa hicho. Alionyesha kwamba hakuna haja ya kudhani jeni mbili tofauti. Jeni ni moja, lakini ina sura tatu: rangi kamili, Himalaya na weupe. Kila mnyama hubeba mbili tu kati ya hizo. Mwaka huohuo wa 1913, Mfaransa aitwaye Dybowski alionyesha mbele ya watu, kule Saint-Maur karibu na Paris, sungura wa rangi mpya ya kijivu-lulu aliyeitwa Chinchilla. Kazi ya Castle baadaye iliweka wazi kwamba huyo naye ni sura nyingine ya jeni ileile, inayofuta njano na kubakiza weusi na weupe. Kwa hiyo mpangilio ukawa hivi, wa juu akimfunika wa chini: rangi kamili, Chinchilla, Himalaya, weupe. Makundi yetu ya damu ya A, B na O nayo hutokana na jeni moja yenye sura tatu, jambo lililothibitishwa miaka ya 1920.

Ndipo tunafika kwenye masikio yaliyofifia. Mjerumani Walther Schultz, katika majaribio aliyoyachapisha kuanzia 1915, alimnyoa sungura wa Himalaya manyoya meupe ya mwilini na kumweka mahali pa baridi. Manyoya yaliyoota mahali palepale yakawa meusi. Sungura ni yuleyule, jeni ni zilezile, lakini rangi imegeuka kwa kuwa ngozi iliyonyolewa ilipoa. Sababu ya ndani ilikuja kueleweka baadaye. Rangi ya manyoya hutengenezwa kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho tairosinasi. Kwa Himalaya kimeng'enya hicho ni dhaifu: penye ubaridi hufanya kazi, penye joto la mwili huharibika. Mwili wa sungura una joto la nyuzi 39 hivi. Pua, masikio, nyayo na mkia, vilivyo mbali na moyo na kupigwa na hewa, hupoa kuliko tumbo na mgongo. Weusi huota hapo tu. Ndiyo maana watoto huzaliwa weupe, kwani tumboni mwa mama hakuna pembe iliyo baridi. Na ndiyo maana kichanga cha Himalaya kikitoka kiotani kikapigwa na baridi huota ukungu wa kijivu mgongoni, unaoondoka manyoya yanapobadilika.

Rangi za Himalaya, Chinchilla na weupe zilikuja kukutana katika sungura mmoja huko California. Katika jimbo hilo, William Preshaw alikuwa ameimarisha New Zealand White mnamo 1917 hivi. Licha ya jina, aina hiyo ni ya Marekani. Weupe ulipendwa kwa sababu za biashara: ngozi nyeupe hupakwa rangi yoyote atakayo mshonaji, na unywele mweupe ukibaki kwenye nyama hauonekani kwa urahisi. Mwaka 1923 George West wa Lynwood alianza kutafuta sungura wa nyama mwenye mwili wa New Zealand White na manyoya mazito zaidi. Alimchanganya Himalaya na Chinchilla, akapata dume dogo la rangi ya Chinchilla, akalipandisha na majike wakubwa wa New Zealand White.

Fuata hesabu ya jeni hiyo moja. Dume lile lilibeba Chinchilla juu na Himalaya chini yake. Majike walibeba weupe mtupu. Kila mtoto alipata weupe kutoka kwa mama, na kutoka kwa baba alipata ama Chinchilla ama Himalaya. Nusu yao, kwa wastani, walitoka weupe wenye ncha nyeusi. West akaendelea kuwachagua wenye mwili mnene, na mwaka 1939 chama cha wafugaji wa sungura cha Marekani kikaitambua aina ya Californian. Binafsi huwa nafurahi nikimwona Californian nikijua kwamba Himalaya aliyemtatiza Darwin, Chinchilla aliyezuka Ufaransa na mweupe wa Preshaw wamekutana katika ngozi moja.

Kenya, sungura walienea kwa njia ya watoto kuliko kwa njia ya mashamba makubwa. Tangu miaka ya 1960 vyama vya 4-K vya shule za msingi, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, viliwapa wanafunzi mifugo ya kiasi chao, na sungura alifaa: hula majani, hubeba mimba siku 31 tu, na banda lake hutosha nyuma ya darasa. Vyama hivyo vilififia, vikafufuliwa mwaka 2021. Katika miaka ya 1980 serikali, kwa msaada wa Ujerumani, ilijenga kituo cha kuzalisha sungura bora huko Ngong. Mbegu zilizosambazwa nchini kupitia kituo hicho zilikuwa za aina za kigeni: New Zealand White, Californian, Chinchilla, Flemish Giant na nyinginezo. Ngong iko zaidi ya mita 1,900 juu ya bahari, na usiku wa Julai huko mtu hutafuta blanketi. Californian wa Ngong huwa na masikio meusi ti, kwa sababu mazingira yanakipa kile kimeng'enya dhaifu nafasi ya kufanya kazi.

Kutoka nyanda za juu sungura huteremka hadi usawa wa bahari. Anayepelekwa Changamwe hushukia upande wa bara wa daraja la Makupa. Wa Kisauni hupita Nyali. Wa Likoni huvuka kwa feri pamoja na abiria. Ng'ambo hizi tatu ndiko waliko wakazi wengi wenye ua na kipande cha ardhi, tofauti na msongamano wa kisiwani. Mabanda hujengwa kwa mbao na wavu, na wenye busara huezeka makuti, kwani chini ya bati sungura huteseka. Joto likipita nyuzi 30 kwa siku nyingi, dume huweza kupoteza nguvu za uzazi kwa wiki kadhaa. Chakula ni majani ya viazi, mabaki ya kabichi, nyasi na chakula cha dukani mfuko unaporuhusu. Soko la nyama lina mipaka yake. Washafii, ambao ndio wengi miongoni mwa Waislamu wa pwani, huihesabu nyama ya sungura kuwa halali, wakitegemea hadithi ya Anas bin Malik kwamba Mtume alikubali paja la sungura aliloletewa. Ithnaasheri na Mabohora, ambao wana misikiti yao hapahapa Mombasa, hawaili. Anayefuga kwa ajili ya kuuza hulijua hilo kabla ya kumjua mteja.

Katika mabanda hayo mchanganyiko wa kawaida ni dume la Californian kwa jike la New Zealand White, kwa kuwa watoto wao hukua haraka na kuwa na nyama nzuri. Watoto hao wote hubeba Himalaya moja na weupe mmoja. Himalaya huufunika weupe, lakini haufuniki kikamilifu, hivyo ncha zao hutoka za kijivu zaidi kuliko za baba. Hiyo ni hata kule Ngong. Waweke sasa katika joto la Februari, Mshomoroni au Chaani, na ncha hizo hukaribia kutoonekana. Mtu huwauza kama New Zealand White bila nia mbaya. Mnunuzi hupandisha jike huyo kwa dume lake jeupe safi, na kiotani nusu ya watoto hutoka na pua zenye kivuli. Hapo lawama huanza: dume la jirani liliingia, au aliyeuza ni tapeli. Wala dume la jirani halikuingia. Jike alikuwa na Himalaya ambayo kaskazi iliificha, na watoto waliozaliwa kusi, upepo ukiwa na ubaridi, waliionyesha.

Naliona hilo kuwa jambo zito, kwa sababu linamhusu mtu mwenye majike watatu na ada ya shule ya kulipa. Anapomchinja jike mzuri kwa shutuma ya uchotara wa rangi, hupoteza maziwa mengi, utulivu kiotani na ukuaji wa haraka, sifa ambazo haziko katika jeni ile ya ncha. Rangi ya Californian inatuambia habari ya jeni chache tu kati ya maelfu. Uzito, idadi ya watoto na uvumilivu wa joto huamuliwa kwingine, na hujulikana kwa mizani na daftari.

Pako mahali, hata hivyo, ambapo rangi yenyewe ni onyo, na sungura wa madoadoa ndiye mfano. Checkered Giant na English huwa na mwili mweupe, mstari mgongoni, duara machoni na kipepeo puani. Castle aliichunguza alama hiyo na kuonyesha kwamba mwenye madoa mazuri hubeba nakala moja tu ya jeni ya madoa. Ukiwapandisha wenye madoa wawili, kwa wastani robo ya watoto hutoka rangi moja bila madoa, nusu hutoka na madoa kama wazazi, na robo hutoka karibu weupe kabisa, wakiwa na alama kidogo masikioni na machoni na kipande cha sharubu puani. Hao wa mwisho wamepata nakala mbili. Wengi wao utumbo wao mpana huvimba, kinyesi hukwama, hukonda na kufa mapema hata wakilishwa vizuri. Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na Luca Fontanesi wa Bologna walihusisha alama hiyo na jeni iitwayo KIT, ambayo huongoza safari ya chembe za rangi kwenye ngozi na pia huhusika na mwendo wa utumbo. Mfugaji huweza kudhani ni ugonjwa au chakula kibaya, akanunua dawa. Dawa haipo. Ampandishe mwenye madoa kwa mwenye rangi moja: nusu ya watoto watapata madoa, na hakuna hata mmoja atakayepata nakala mbili.

Mwaka 2000, maabara ilipoisoma jeni ya tairosinasi ya sungura, ilikutwa kwamba weupe na Himalaya kila moja hutokana na badiliko dogo mno katika jeni hiyohiyo. Yale aliyoyadokeza Sturtevant mwaka 1913 kwa kuhesabu watoto tu yalithibitishwa kwa kemia.

Basi anayegombana kuhusu Californian wake aliyefifia hana haja ya maabara. Amtafutie dume huyo jike wa New Zealand White ambaye asili yake haina shaka, ampandishe mwezi Mei ili azae Juni na watoto wakue katika ubaridi wa kusi. Agosti awakague mmoja mmoja, mchana, akitazama pua na kingo za masikio, maana kijivu huanzia hapo. Akipatikana hata mmoja mweupe mtupu, dume limebeba weupe na ni chotara kwa jeni hiyo. Wakitoka wanane na wote wana kivuli puani, uwezekano wa dume chotara kuzaa hivyo kwa bahati ni mmoja katika 256. Akitaka hakika zaidi, ampe jike wa pili.